Waridi la Jangwani na Kiu Yake

Mwezi huu nimeazimia kuandika habari za mti mmoja mdogo wa maua, nao ni ule uitwao waridi la jangwani. Najua wapo watakaosema kwamba Maalim ameishiwa na maneno hata akaanza kuzungumza na vyungu vya maua. Na waseme. Mti huu ulinitia aibu mbele ya wanafunzi wangu wenyewe, na habari hiyo nitaieleza mahali pake bila ya kuficha. Lakini kwanza yapasa msomaji aujue mti wenyewe ni upi.

Asiyepata kuuona na afikiri shina lililonenepa chini kama kibuyu, au kama chungu kilichofukiwa nusu yake mchangani. Ngozi yake ni ya kijivu na laini. Juu yake hutoka matawi mafupi manene, na ncha za matawi hubeba majani machache ya kijani yang'aayo. Kisha hufika siku, na mara nyingi ni wakati wa ukavu ambapo majani yamepukutika na mwenye nyumba amekwisha kata tamaa, mti ule mtupu ukachanua maua ya rangi ya waridi iliyoiva, yenye petali tano, na koo jeupe katikati, upana wake inchi 2 au 3. Mgeni apitaye barazani hudhani kwamba mtu amechomeka maua juu ya jiwe.

Jina lake la waridi ni la heshima tu, kwani halina udugu wowote na waridi lile tulitengenezalo marashi. Ndugu zake ni oleanda na alamanda ziotazo nyuani, na hata mbungo ule tulao matunda yake ni wa ukoo huo huo. Wapo wauitao mti huu mdagu. Wataalamu wa mimea huuita Adenium obesum, na katika majina haya mawili kuna kisa kitakachowapendeza vijana wasomao tarehe.

Mwaka 1761 mfalme wa Denmark, Frederick wa Tano, alituma msafara wa watu wa elimu kwenda Bara Arabu. Miongoni mwao alikuwako mtaalamu wa mimea, jina lake Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki, naye alikuwa kijana bado, hajafika miaka 30. Wakafika Yemen mwishoni mwa mwaka 1762. Forsskål akawa akipanda milima na kushuka mabondeni kukusanya majani na maua, huku akiwauliza wenyeji majina yake kwa Kiarabu na kuyaandika. Mwezi wa Julai 1763 akafa kwa malaria katika mji wa Yarim. Wenzake nao wakafa mmoja baada ya mmoja, akarudi Ulaya mtu mmoja tu, Carsten Niebuhr. Naye ndiye aliyeyatoa maandishi ya marehemu katika kitabu mwaka 1775, na ndani yake mlikuwamo mti wetu huu wenye shina nene. Lile neno obesum maana yake ni mnene. Ama Adenium, walilipa wataalamu wengine jina hilo mwaka 1819, na asili yake ni Aden, mji ule ule waujuao mabaharia wetu wote. Basi mtu anaponunua mche huu sokoni na kuambiwa kwamba ni ua la Kizungu, na acheke kidogo.

Kwao hasa ni nchi kavu. Huota porini katika nyika za Kenya na za kaskazini ya Tanzania, na Somalia, na Uhabeshi, na kwenda magharibi hata Senegal. Tena ng'ambo ya bahari katika Yemen, na Saudia, na Dhofar ya Oman. Katika kisiwa cha Socotra uko wa namna yake pekee, ambao hukua ukapita kimo cha mtu, na shina lake likawa kama pipa. Wenzetu wa Thailand na Taiwan wameufanya mti huu kuwa biashara kubwa, wakauzalisha kwa rangi na namna nyingi, hata yako maua yenye petali zilizopandana tabaka juu ya tabaka. Na Indonesia huuita kamboja Jepang, maana yake kamboja la Japani, ijapokuwa haukutoka Japani. Kila watu humsingizia jirani.

Sasa na nieleze jinsi ulivyonifikia mimi.

Dada yangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliolewa Malindi, na huko ndiko alikopata mche wake mwaka 1998, hauzidi urefu wa kidole. Akaulea katika kopo la samli, kisha katika chungu, kisha katika chungu kikubwa zaidi. Alikuwa hana mtoto wa kumzaa, na mti ule ulikuwa ukikaa mlangoni pake mahali ambapo wengine huweka kiti cha mzee. Alipofariki mwaka 2016, katika vitu vichache alivyoniachia, mti ulikuwamo, pamoja na maneno yake mafupi: usiuonee huruma kwa maji. Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida, kwani alikuwa mtu wa mizaha.

Nikauleta Tanga, nikauweka katika ua wa chuo, karibu na birika la kutawadhia, kwa kuwa hapo ndipo penye jua la kutwa. Miaka ikapita. Mvua ilinyesha ikaunywesha, jua likaukausha, ukachanua kila kaskazi bila ya mtu kuushughulikia. Nami nikajihesabu kuwa ni mjuzi. Hata ilipofika masika ya mwaka 2022, nikaona majani yake yanageuka manjano na kuanguka, na nilipoligusa shina nikalikuta limelegea kidogo upande mmoja. Nikakumbuka kwamba dada yangu alipata kuniambia ya kuwa mti huu ukiwa na kiu shina lake hulegea kama kiriba kilichopungua maji. Nikaamua kwamba una kiu.

Zamu ya kuangalia ua wiki ile ilikuwa ya kijana mmoja wa miaka 11, mpole, mwenye kulelewa na bibi yake. Nikamwita mbele ya wenziwe nikamwambia, "Nimekupa amana ya mti mmoja tu, nawe umeuacha kufa kwa kiu."

Akasema, "Maalim, udongo wake bado una maji."

Nikamwambia, "Sikukuuliza."

Akanyamaza. Nami nikaamuru kwamba tangu siku ile aumwagilie asubuhi na jioni, na wenziwe wakimaliza kutawadha na yale maji yaliyobaki katika vikopo wayamimine pale. Wanafunzi wa chuo wanapopewa amri ya kumwaga maji hawahitaji kuambiwa mara ya pili. Mti ule ukanyweshwa siku tisa kama kwamba ni ng'ombe. Siku ya kumi ukalala upande. Nilipoubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia ndani, na harufu ikatoka ambayo sitaieleza.

Nikamwita mzee mmoja mtunza bustani, mtu aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Akachutama, akautazama, akauzungusha, akaung'oa pamoja na udongo wake. Akatuonyesha tundu la chini ya chungu: mizizi na tope vimeliziba, maji hayana pa kutokea. Udongo wote ulikuwa kama uji. Akauliza, "Ni nani aliyekuwa akiumwagia maji?"

Wanafunzi wote wakamtazama yule kijana. Naye akanitazama mimi.

Nikasema, "Ni mimi."

Kesho yake, baada ya somo la kwanza, nikamsimamisha mbele ya wale wale waliosikia nikimkemea, nikamwambia kwamba yeye alisema kweli na mimi nilimdhulumu, na kwamba namwomba radhi. Sikuona rahisi. Nina miaka zaidi ya hamsini, na nimesomesha baba za baadhi yao. Kijana akaitikia kwa kichwa, akaketi, na alipokwisha kuketi akauliza swali moja tu: "Maalim, lile tawi lililokatwa litatupwa?"

Tawi hilo nitalirudia. Kwanza nataka msomaji aelewe kosa lenyewe, kwa sababu nimeuliza watu wengi tangu siku ile, nikaona kwamba miti hii ifayo majumbani kwetu kwa kukosa maji ni michache mno, na ifayo kwa kuzidishiwa ni mingi.

Shina lile nene ni ghala. Mti huweka maji humo wakati wa mvua, ukayatumia wakati wa ukavu. Na ndiyo maana huko nyikani waweza kukaa miezi bila ya tone. Mizizi yake basi imezoea kupumua katika mchanga na mawe. Ikizamishwa katika maji siku nyingi hukosa hewa, ikaanza kufa, na kuvu hupata njia ya kupanda kutoka mizizini kuingia katika ghala. Hapo mti hauwezi tena kunywa hata kama umesimama ndani ya maji, kwa kuwa midomo yake imeoza. Ndipo majani yakageuka manjano na shina likalegea, sawasawa na mti wenye kiu. Dalili mbili zinafanana, na dawa zake ni kinyume. Mimi niliuona mgonjwa wa kuzama, nikaamuru aongezwe maji.

Lakini zinatofautishika. Mti wenye kiu hulegea wote kwa pamoja, pande zote, na ngozi yake hukunjamana kidogo. Ukiubonyeza unahisi kama embe lililosinyaa, kavu, halina harufu. Umwagilie, na baada ya siku mbili tatu utaukuta umejaa tena. Mti unaooza hulegea mahali pamoja, kwa kawaida chini karibu na udongo au upande mmoja. Pale mahali hugeuka rangi ya hudhurungi, pana unyevu, na mwisho hutoa harufu. Wala usihukumu kwa majani peke yake, maana yako majani yaangukayo kwa desturi tu, wakati wa kipupwe mti unapopumzika. Tia kidole chako udongoni kina cha inchi 2, au chomeka kijiti cha mshikaki na ukitoe. Kikitoka na udongo ulionata, ondoka, usimwage kitu. Yule kijana alikuwa amekwisha kutia kidole. Mimi nilikuwa nimetia mdomo tu.

Ama kuuokoa mti uliokwisha kuoza, yule mzee alifanya hivi mbele yetu. Aliosha mizizi yote, akakisafisha kisu kwa spiriti, akakata nyama iliyooza kipande kwa kipande, na kila baada ya kukata akafuta kisu tena, mpaka akafika penye nyama ngumu nyeupe isiyo na doa hata moja. Alisema kwamba doa dogo likiachwa, kazi yote ni bure. Theluthi mbili za shina zikaondoka. Nilitaka kumzuia, maana ulikuwa ni mti wa marehemu dada yangu, lakini nilikuwa nimekwisha sema maneno ya kutosha wiki ile. Akapaka majeraha unga wa mkaa, akaliweka lile pande lililosalia juu ya rafu yenye kivuli na upepo, akasema lisiguswe. Likakaa siku kumi na mbili, kidonda kikafanya gamba kavu. Ndipo likapandwa katika mchanganyiko mkavu, na maji ya kwanza yakatiwa baada ya wiki moja zaidi, nayo kidogo. Baada ya wiki sita likatoa jani. Hata leo lina shimo ubavuni ambamo yai la kuku laweza kukaa.

Basi atakaye kuupanda nyumbani, jambo la kwanza ni udongo, na udongo wake usiwe ule mweusi mzuri wa bustani ya mboga. Chukua mchanga wa mto ulio mnene mafungu mawili, changarawe au matofali yaliyopondwapondwa fungu moja, na samadi iliyooza sawasawa fungu moja, ukitia na vipande vya mkaa kidogo. Mchanga wa pwani una chumvi. Asiyekuwa na mwingine na auoshe mara nyingi kwa maji matamu. Mwaga maji juu ya mchanganyiko huo: yakipita kama yapitavyo kwenye kifumbu, umefaulu. Chungu cha udongo ni bora kuliko cha plastiki katika miji yetu ya pwani yenye unyevu, kwa kuwa hukauka upesi. Debe au kopo pia hufaa, mradi utoboe matundu kadhaa chini, si moja, na uyaangalie kila mwaka kwamba hayakuzibwa. Usiweke kisahani chini kikawa kinakusanya maji.

Jua lake lisipungue saa sita kwa siku. Mti huu ndani ya nyumba yenye giza hurefuka kama mtu anayechungulia dirishani, ukawa mwembamba na usitoe maua. Juani wakati wa joto kali, umwagilie kila udongo ukaukapo, na umwagilie mpaka maji yatokee chini, kisha uache. Masika yaingiapo, usogeze chini ya upenu. Kipupwe, mara moja kwa wiki mbili yatosha. Walioko bara penye baridi wachunge zaidi, kwa kuwa joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi mti huanza kuumia, na jamaa zetu walioko Ulaya hawana budi kuuingiza ndani wakati wao wa baridi na kuuacha ulale karibu bila ya maji kabisa. Walioko Salalah ndio wenye raha, nchi ni ya mti wenyewe.

Mbolea usizidishe. Samadi nyingi huleta majani mengi na kunyima maua. Atakaye maua zaidi na apogoe matawi mwanzoni mwa joto, kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha, na kila tawi lililokatwa hutoa ncha mbili tatu. Na kila unapobadilisha chungu, baada ya mwaka mmoja au miwili, uinue mti kama inchi moja juu ya vile ulivyokuwa, ili mizizi minene ya juu ionekane; hivyo ndivyo wafanyavyo wale wa Thailand hata miti yao ikawa kama wazee waliokunja miguu.

Wadudu wake ni wachache. Vidung'ata vile vyeupe kama pamba, na vidukari vya manjano vikaavyo kwenye machipukizi, viondolewe kwa kitambaa na maji ya sabuni. Yuko pia kiwavi mmoja wa kijani, mnene, mwenye alama mbili kama macho ya buluu karibu na kichwa na kipembe mkiani; huyu hula majani yote kwa usiku mmoja au mbili. Ni mtoto wa nondo mzuri sana apendaye miti ya ukoo huu. Wanafunzi wangu walimwogopa wakadhani ni nyoka. Hana sumu ya kumdhuru mtu kwa kumgusa. Mwondoeni kwa mkono.

Lakini mti wenyewe unayo sumu, na hapa naomba kina mama wanisikilize kuliko popote. Utomvu wake mweupe, na majani yake, na mizizi yake, vyote vina sumu iharibuyo mwendo wa moyo. Wawindaji wa sehemu nyingi za Afrika walikuwa wakichemsha mizizi na shina wakapaka mishale yao, nao walijua walifanyalo. Kwa hiyo weka chungu mahali ambapo mtoto atambaaye hafiki, na mbuzi hafiki. Ukiwa unakata tawi vaa glovu, au unawe kwa sabuni mara umalizapo, kabla hujagusa jicho wala chakula, na kisu kilichokatia kisirudi jikoni mpaka kioshwe. Kama mtoto ametafuna, msafishe kinywa kwa maji, usimtapishe, mkimbize hospitali na uchukue kipande cha mti mkononi ili daktari aone. Usingoje dalili. Na yuko mtu hukosi kumpata mtaani atakayekuambia kwamba mizizi yake ni dawa ya hiki na kile. Mwache na mizizi yake. Kitu kilichoangusha nyama wa porini si cha kupimwa kwa kijiko cha chai.

Neno jingine ni juu ya kuing'oa porini. Vijana wengine huona mti mkubwa nyikani wakachukua majembe. Mti ule umekaa miaka mingi kufikia unene huo, na ukikatwa mizizi mara nyingi hufa njiani; tukiendelea hivyo, nyika zitabaki bila yake. Mche wa mbegu ni bei ndogo, na hukua mbele ya macho yako.

Nalo lile tawi, nilimpa. Alilipeleka kwa bibi yake, akaliacha kivulini wiki moja mpaka utomvu ukauke na kidonda kifunge, akalichomeka katika kopo la maziwa lenye mchanga, akaliloweka mara moja na kuliacha. Hakuniuliza lolote, wala sikuwa na la kumfunza. Tawi lililochomekwa kwa kawaida halifanyi kitako kinene kama mti uliotoka katika mbegu, nami nilimweleza hivyo asije akavunjika moyo. Akasema anataka maua ya Bi mkubwa, kitako si kitu. Mwaka uliofuata likachanua ua moja. Alilileta chuoni pamoja na kopo lake, akaliweka juu ya meza yangu kabla sijafika, na rangi yake ilikuwa ile ile ya mlangoni Malindi.

Alitaka mbegu. Nikamwambia kwamba mti mmoja peke yake mara nyingi haujizalii, na tawi lake na mti wangu ni mti mmoja. Basi akakusanya senti zake akanunua sokoni mche wenye maua meupe, akausubiri mpaka ukachanua, akachukua chavua ya huku akaipeleka huku kwa unywele mmoja wa brashi, kwani mahali pa chavua ni ndani mno na nyuki wetu hawapajui vizuri. Mara nyingi haikushika. Safari hii imeshika, na katika tawi la Bi mkubwa yametoka mapembe mawili yaliyoungana chini, kama pembe za kondoo. Yakikomaa, na huchukua miezi mitatu au zaidi, yatapasuka, na mbegu zake zina manyoya kila upande, zitachukuliwa na upepo zote kwa dakika moja. Kwa hiyo ameyafunga kwa uzi mweusi wa kushonea wa bibi yake, mizunguko mitano kila pembe. Kila Ijumaa huja kuniarifu yamefika rangi gani. Nusu ya mbegu ameniahidi mimi, nami nimekwisha toboa matundu katika makopo kumi na mawili.